Ningekuja Naendesha Mwenyewe

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio mama wa sheria zote za anga, unasema katika kifungu cha 33 kwamba leseni ya rubani iliyotolewa na nchi ilikosajiliwa ndege yake itatambuliwa na nchi nyingine wanachama, mradi imefikia viwango vya kimataifa. Maana yake ni kwamba, kama siku ile ningeondoka Dar es Salaam nikiwa nimeshika usukani wa Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, yenye 5H, alama ya usajili ya Tanzania, ubavuni, nikatua hapa na pale kujaza mafuta mpaka Ujerumani, wangenipokea kama rubani, wangenionyesha pa kuegesha, na wangeniandikia bili ya kuegesha. Kosa langu ni kwamba nilikuja kama abiria, kiti cha katikati, nikimfuata Mama Neema aliyepata kazi ya uuguzi huku, na leseni nikaiweka kwenye begi. Kumbe leseni ikisafiri ndani ya begi hushuka ikiwa karatasi.

Sababu wanayo, tena imo kwenye mkataba uleule, kifungu cha 32: anayerusha ndege awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi ilikosajiliwa ndege hiyo. Ndege za huku zimeandikwa D, mimi ni mtu wa 5H, na saa 3,400 nilizozijaza kwenye daftari langu kwa kalamu ya wino zinahesabika kama uzoefu lakini hazihesabiki kama ruhusa. Nilimweleza bwana wa dirishani kwenye ofisi ya leseni kwamba nimetua Mafia na upepo wa kusi ukinisukuma ubavuni, na kwamba huko Serengeti nilipita kwanza chini chini juu ya kiwanja kuwafukuza pundamilia, kisha nikazunguka ndipo nikatua. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaandika jambo fulani kwenye kompyuta, akaniambia kwamba nikitaka leseni ya huku ninakaribishwa kufanya mitihani 13.

Mitihani hiyo kumi na mitatu ni ya nadharia, kila mmoja unataka asilimia 75, na yote lazima iishe ndani ya miezi 18 tangu mwisho wa mwezi uliofanya mtihani wa kwanza. Kuna sheria za anga, kuna injini na mifumo yake, kuna vyombo vya kupimia, kuna urambazaji wa aina mbili, wa ramani na wa redio, na kuna somo zima kuhusu binadamu mwenyewe na jinsi anavyochoka, ambalo mimi ningeweza kulifundisha. Somo la uzito na mizani nilipata asilimia 96, na sikushangaa, kwa maana mtu aliyezoea kumpangia kiti abiria mwenye ndoo mbili za pweza na shemeji mnene hahitaji kuelezwa kwamba mkia wa ndege ukilemewa pua huinuka.

Hali ya hewa ndiyo iliyonidhalilisha. Nimeruka masika tisa, nimezikwepa ngurumo za Ruvuma kwa kuzitazama rangi yake tu, lakini mtihani ulitaka nitofautishe theluji, umande ulioganda na ile mvua inayoganda palepale inapogusa bawa. Barafu niliyokuwa na mazoea nayo ni ya kuhifadhia samaki pale Feri, na theluji niliyoijua ni ya Kilimanjaro, mita 5,895, ambayo rubani mwenye akili huitazama kwa mbali na kuwaonyesha watalii upande wa kulia. Nilipata 74. Nilipotoka nje ya chumba cha mtihani theluji ilikuwa ikidondoka, nikasimama pale na kuitazama kwa chuki, nikijaribu kukisia ni ya aina ipi.

Msimamizi wa masomo yangu nyumbani ni Neema, mwenye miaka tisa, ambaye hunisomea maswali kutoka kwenye simu nikiwa ninaosha vyombo. Maswali yaliyomo humo ni maelfu, naye ameshayakariri mengi kuliko mimi. Juzi aliniuliza dira inafanyaje mtu akikaribia Ncha ya Kaskazini, nikamjibu kwamba baba yake amezaliwa karibu na Ikweta na hana shughuli yoyote kule. Akasema, "Baba, jibu ni C, na hilo ulilikosa jana pia."

Kisha kuna uchunguzi wa uaminifu, ambao kila anayetaka kufanya kazi upande wa ndani wa uwanja wa ndege lazima aupitie, na ambao Wajerumani wanauita kwa neno moja lenye herufi 27 nisiloliandika hapa kwa kuyahurumia macho ya msomaji. Wanataka anwani zako zote za miaka kumi iliyopita: mtaa, namba ya nyumba, namba ya posta, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Sasa mimi kwa miaka minne niliishi Tabata, ukishuka kwenye daladala unaingia kichochoro cha pili baada ya duka la dawa, nyumba yenye geti la bluu na mwembe, na hayo yalikuwa kabla vibao vya anwani za makazi havijabandikwa. Niliandika hivyohivyo. Fomu ilirudishwa ikiwa imezungushiwa mduara mwekundu, nikaulizwa kwa upole namba ya nyumba ni ipi. Nilimpigia simu mwenye nyumba wangu wa zamani, mzee anayefikiri kwamba kila anayempigia anataka kurudishiwa kodi, akaniambia namba hana, mwembe wenyewe ulikatwa, na geti sasa ni la kijani.

Ada sizitaji, kwa kuwa Mama Neema husoma ninachoandika. Nitataja moja tu, ya kozi ya kufundishwa kufanya kazi na mwenzako. Caravan niliirusha peke yangu, kwa hiyo kabla sijafundishwa ndege kubwa yenye marubani wawili lazima nisome saa 25 za darasani na kukaa saa 20 kwenye simuleta, yaani mashine inayoigiza ndege, nikijifunza kumsikiliza aliye pembeni yangu, kurudia alichosema, na kukiri ninapokosea. Nilipomsomea Mama Neema maelezo hayo aliacha kukunja nguo, akauliza kama kozi hiyo inapokea watu kuanzia wiki hii, na akasema hela itapatikana.

Hela yenyewe kwa sasa inapatikana usiku, kwenye ghala ninakopanga vifurushi katika makontena yanayopelekwa kupakiwa kwenye ndege. Jamaa wa nyumbani hawalijui hilo. Mjomba wa Muheza hunipigia kila Ijumaa baada ya swala, na swali lake la kwanza baada ya salamu ni, "Mwanangu, siku hizi unarusha lipi?" Nami, kwa kuwa mjomba hadanganywi, humtajia aina ya ndege iliyobeba vifurushi vyangu usiku uliopita, na kwa kweli kabisa humwambia kwamba nilihusika kuiondosha. Husema Alhamdulillahi, kisha huniulizia tiketi ya nusu bei ya kwenda Hija.

Hali ya hewa niliirudia nikapata 81, na mitihani mingine ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa barua moja ya uthibitisho, inayosema kwamba leseni yangu ni ya kweli na sijawahi kuadhibiwa, ambayo mwombaji haruhusiwi kuishika mkononi. Lazima itoke ofisi hadi ofisi. Ofisi iliyoituma ilisema imetuma. Ofisi iliyotarajiwa kuipokea ilisema haijaona kitu. Kila niliposimama katikati yao kwa simu niliambiwa kwamba anayehusika na faili hilo ametoka kidogo, na hili lilisemwa kwa lugha mbili na kwa sauti ileile. Ilipita miezi kumi na moja. Jumatatu iliyopita nimepokea ujumbe kwamba barua imefika, imekubaliwa, na ninachotakiwa kuambatanisha ni cheti cha afya cha daraja la kwanza kilicho hai.

Cheti hicho huishi miezi 12. Changu kinakufa tarehe 30. Nimempigia simu daktari wa anga, msaidizi wake akafungua kalenda, akavuta pumzi, akanipa tarehe 14 ya mwezi unaofuata, saa moja na nusu asubuhi, na kunikumbusha nije na miwani yangu yote miwili na mkojo.