Pochi ya gumegume hupimwa kwa vidole vilivyokufa ganzi

Katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, upo msimu wa kuwinda kulungu unaoanza baada ya Krismasi na kuendelea hadi Januari, ambao sharti lake kubwa ni kwamba bunduki iwe ya gumegume, yaani ile inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe. Msimu huo ulianzishwa mwaka 1974, na hadi leo bunduki ya fataki, inayowashwa kwa kifuniko kidogo chenye kilipuzi badala ya jiwe, hairuhusiwi ndani yake. Miaka michache iliyopita, asubuhi yenye theluji, kulungu alisimama hatua kama arobaini kutoka nilipoketi. Nikafyatua, jiwe likagonga bamba la chuma, na cheche hazikutoka. Nilivua glavu, nikatia mkono katika mkoba mkubwa niliouvaa begani, nikapapasa risasi, vitambaa, kisu, makombo ya mkate, na mwishowe nikapata jiwe jingine ambalo makali yake yalikuwa yamekwisha kwa kugongana na bisibisi na mawe wenzake. Nilipoinua kichwa, kulungu alikuwa amekwenda zake, tena bila haraka.

Tangu siku hiyo nimeshona pochi za ngozi za kubebea mawe na zana za bunduki hizi, kwanza yangu, kisha za marafiki, na nimefikia maoni ambayo najua hayawapendezi mafundi wote wa kazi hii: pochi nyingi zinazouzwa zimeshonwa kwa ajili ya jicho la mnunuzi aliyekaa mezani penye joto, ilhali anayepaswa kuulizwa ni mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi, anayetafuta kitu kimoja tu na hana hata dakika moja ya kukitafuta.

Kwa msomaji ambaye neno gumegume analijua kwa maana ya mwanamume asiye na faida nyumbani, niseme kwamba jiwe lenyewe halistahili matusi hayo. Ni jiwe gumu, linalovunjika kwa makali kama ya kioo, na watu wa Brandon, katika mkoa wa Suffolk huko Uingereza, waliishi kwa kulichonga, hasa wakati wa vita vya Napoleon, jeshi lilipolihitaji kwa wingi. La Uingereza ni jeusi. La Ufaransa lina rangi ya asali. Wapigaji hubishana kuhusu lipi ni bora kama watu wanavyobishana kuhusu mchele wa Kyela na wa Morogoro, na mimi nimetumia yote mawili bila kuona tofauti ya kunifanya nigombane na mtu.

Jambo ambalo wengi hawalielewi ni kwamba cheche si za jiwe. Jiwe limebanwa katika taya za nyundo, likiwa limefungwa kipande chembamba cha ngozi au cha risasi iliyopondwa ili lisiteleze. Nyundo inaposhuka, makali yake hukwangua bamba la chuma, na ni chembe hizo za chuma zinazowaka na kuangukia kifa, kile kijisahani chenye baruti laini ubavuni mwa mtutu. Moto wa kifa hupita katika tundu dogo na kuifikia baruti kuu ndani. Mnyororo huo wote unategemea makali, ukavu na tundu lililo wazi. Makali yakipotea, hupati cheche. Kifa kikilowa, cheche hufa. Tundu likiziba kwa masizi, baruti ya kifani huwaka mbele ya jicho lako, moshi ukakupanda puani, na mtutu ukabaki kimya. Tena baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu wa hewa, kiasi kwamba siku ya ukungu kifa hugeuka tope jeusi baada ya risasi mbili tatu.

Kwa hiyo zana zinazostahili kuwa karibu na mkono ni chache kuliko watu wanavyodhani: sindano ya kuzibulia tundu, brashi ndogo ya kufagia kifa, bisibisi ya kulegezea na kukazia taya, kikuku cha waya wa kusokotwa cha kunasia kitambaa kilichobaki ndani ya mtutu, kitambaa chenye mafuta, na mawe matatu au manne yenye makali. Sindano iwe ya shaba, kwa sababu ya chuma kigumu hukwangua tundu na kulipanua pole pole. Wanajeshi wa Uingereza wa karne ya 18 walivaa sindano na brashi zikining'inia kwa mnyororo kifuani, na huo ulikuwa uamuzi wa busara: vitu viwili vinavyohitajika mara nyingi kuliko vyote havikufungiwa popote. Nami hadi leo siziweki hizo mbili ndani ya pochi. Zinaning'inia kwenye ukanda wa mkoba. Fundi anayeshona mfuko maalumu wa sindano ndani kabisa ya pochi, tena chini ya kifuniko chenye kishikizo, nina shaka kama amewahi kuitumia kwenye baridi.

Baba yangu alikuwa fundi viatu Tanga, na nilikua nikiona msharasi ukitoboa ngozi na uzi ukipitishwa kwenye donge la nta mpaka unakuwa mgumu kama waya. Sikujua kwamba siku moja ningehitaji kazi ile katika nchi yenye theluji. Pochi yangu ya kwanza niliishona kwa ngozi nene mno, ya milimita tatu, kwa imani kwamba unene ndio uimara; ilipokunjwa mara tatu ikawa kama tofali, na haikuingia mkobani bila kusukumwa. Sasa natumia ngozi ya milimita moja na nusu kwa nje, na nyembamba zaidi kwa mifuko ya ndani. Nachagua ngozi iliyotiwa dawa kwa magamba ya miti, kwa sababu hushika umbo: ukilowesha kidogo mfuko mpya, ukasukumia jiwe ndani na kuuacha ukauke, unabaki na nyumba ya jiwe hilo. Hunifurahisha kwamba dawa inayotengenezwa kwa magamba ya miwati, miti inayopandwa pia Njombe na Lushoto, hutumika na watengeneza ngozi wa nchi nyingi, ingawa wanaopitisha ngozi hiyo mikononi mwao ni nadra kujua inatoka kwenye mti gani.

Ngozi hiyo, hata hivyo, ina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji. Shaba iliyolala ndani yake kwa miezi huota kutu ya kijani, na chuma kilichopakwa mafuta kidogo tu huanza kuwa na madoa. Msimu ukiisha natoa kila kitu, naipanguza pochi, naiacha wazi kwenye rafu. Anayetaka pochi ya kuhifadhia zana mwaka mzima anunue kibweta cha mbao.

Mshono nao nashona kwa sindano mbili, kila moja ikipita katika tundu lile lile kutoka upande wake. Ni kazi ya polepole, lakini uzi mmoja ukikatwa na makali ya gumegume, na hakika siku moja utakatwa, wa pili hubaki umeshika. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja hauchelewi kuanza kufumuka. Hii ndiyo sababu pekee ninayoikubali ya kulipia zaidi kazi ya mkono. Maua yaliyopigwa kwa nyundo juu ya kifuniko si sababu, wala herufi za jina la mwenyewe.

Wapo wanaonijibu kwamba kopo dogo la bati linatosha. Linatosha kwa mawe kutopotea, nakubali, lakini mawe hayo hugongana humo na kupoteza makali, na mlio wake ukitembea msituni humfikia kulungu kabla yako. Kila jiwe linahitaji mfuko wake, mfupi kiasi kwamba ncha inachomoza na kidole kinaisukuma kutoka chini. Kwa bunduki nyingi ndefu za mtindo wa Pennsylvania, ambazo mawe yake huwa na upana wa milimita 16 hadi 19, mfuko wa milimita 25 hivi unatosha. Kufungia natumia ukamba wa ngozi unaozungushwa mara moja na kuchomekwa. Kishikizo cha chuma hulia, tena hukwaruza kitako cha bunduki.

Pochi ya sita nilimpelekea jirani yangu, mzee aliyewinda kwa gumegume tangu ujana wake na ambaye ndiye aliyenifundisha kuchonga upya makali kwa kugonga ukingo wa jiwe taratibu. Hakusifu ngozi wala mshono. Alitoka nayo nje kibarazani, akakaa huko bila glavu muda wa kutosha mimi kumaliza chai yangu, kisha akaifungua kwa mkono mmoja, akasukuma jiwe, likatoka. Akaifunga, akanirudishia, akasema ukamba ni mrefu mno, utanasa kwenye miiba. Nikaukata pale pale kwa kisu chake.