Mfumo umekataa, kwa nini?

Jamani hii ya kuomba mkopo kwa simu afu baada ya sekunde chache unaambiwa "ombi lako limekataliwa" bila sababu hata moja, imenichosha kabisa. Nikapiga simu benki, dada wa huduma kwa wateja ananijibu eti mfumo ndo umeamua, hata yeye haoni kwa nini. Sasa nani anaona?

Yaani huo mfumo ni akili mnemba (AI), imelishwa data za wakopaji wa zamani, ikajifunza nani alilipa nani hakulipa, ikanipa alama za kuonyesha kama nakopesheka, na kama zamani watu wa aina fulani walikuwa wananyimwa tu kwa ubaguzi basi na yenyewe itaendelea kuwanyima, afu tunaambiwa ni hesabu. Hiyo ndo inaniuma zaidi.

Na sheria zinawezekana! Marekani tangu miaka ya 1970 mkopeshaji akikunyima lazima akupe sababu, na mwaka 2022 mamlaka yao ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ikasema wazi kwamba algoriti, yaani hesabu za kompyuta zinazotoa uamuzi, kuwa ngumu kueleweka sio kisingizio. Umoja wa Ulaya nao, kwenye sheria yake ya akili mnemba ya 2024, umeweka mifumo ya kupima nani anakopesheka kwenye kundi la hatari kubwa.

Mimi nataka vitu viwili tu, niambiwe sababu, na nikilalamika nisikilizwe na binadamu mwenye uwezo wa kubadilisha huo uamuzi, sio kurudishwa tena kwa roboti ya kuchati.