Baba Mkubwa wa Kikorea Aliyepotea Kwenye Kiingereza

Watazamaji wa drama za Kikorea, wawe Kondele au Milimani hapa Kisumu, wana lalamiko moja: hawa watu wanatazamana sana, hawasemi kitu. Simlaumu anayesema hivyo. Anasoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya skrini, na Kiingereza hicho kimeshamnyima sehemu kubwa ya yaliyosemwa. Naamini mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru ana lugha mbili tatu zinazoielewa drama ya Kikorea au anime (katuni za Kijapani) vizuri kuliko Kiingereza, na bado analazimika kuzifikia kazi hizo kwa kuzunguka huko.

Tuanze na ukoo. Kwa Kikorea, kaka mkubwa wa baba huitwa keun-abeoji. Keun ni mkubwa, abeoji ni baba. Baba mkubwa, neno kwa neno. Mdogo wa baba ni jageun-abeoji, baba mdogo. Dada ya baba ni gomo, yaani shangazi. Mjaluo atasema waya, Mluhya atasema senge. Dada ya mama ni imo, ambaye kwetu ni mama mkubwa au mama mdogo. Ndugu wa kiume wa mama ni oesamchon, mjomba, ambaye Mjaluo humwita nera. Kiingereza kina maneno mawili tu ya kuwafunika wote hao, moja la wanaume na moja la wanawake.

Sasa chukua drama ya kugombea mali, na hizo ni nyingi. Mwenye kampuni amefariki, watu wamekusanyika msibani, mlango unafunguka na mzee mmoja anaingia. Kijana anatamka neno moja, "keun-abeoji", na chumba kizima kinasimama. Mtu wa Siaya akisikia "baba mkubwa" haelezwi zaidi: huyu ni mkubwa wa marehemu, atasikilizwa kabla ya wengine, na mjane ameanza kuhesabu siku zake. Akisoma Kiingereza anaona mjomba fulani amefika, na atangoja sehemu mbili zaidi ndipo aelewe kwa nini watu walisimama. Ule ukimya anaoulalamikia ulikuwa umejaa maneno. Hakuletewa tu.

Kuna na hili la kumwita mama kwa jina la mtoto. Wakorea humwita mama wa mtoto aitwaye Jisu "Jisu eomma", kama vile huku anavyoitwa Mama Otieno, au min Otieno. Manukuu ya Kiingereza mara nyingi hubadilisha hilo kuwa jina lake mwenyewe au jina la ukoo. Kwa hiyo siku ambayo mtu anamwita mwanamke huyo kwa jina lake la kuzaliwa, kwa mara ya kwanza baada ya sehemu kumi, msomaji wa Kiingereza hashtuki, maana amekuwa akilisoma tangu mwanzo. Hata mkahawani, mteja Mkorea humwita mama muuza chakula "imo" ingawa hawana undugu wowote. Pale Dunga, ufukweni Kisumu, ukiagiza samaki, humwiti muuzaji kwa jina wala kwa cheo. Unamwita mama.

Hadi hapo nimesema majina tu. Utajiri mkubwa uko mwishoni mwa sentensi, na huu unaweza kuusikia kwa masikio yako hata kama hujui Kikorea hata kidogo. Sentensi ya heshima huishia na "-yo", au kwa rasmi zaidi "-mnida". Ya watu waliozoeana, au ya mkubwa kwa mdogo, haina mkia huo. Drama ya kawaida ina sehemu 16. Katika zile nne za kwanza, puuza maandishi kwa dakika chache na usikilize mikia ya wale wawili wanaoelekea kupendana: yo, yo, yo, kila upande. Kisha ngoja siku mmoja wao atakapoidondosha. Kuna sababu tatu za kawaida: amempenda, amemkasirikia, au amegundua mwenzake ni mdogo kwake kwa umri. Ndiyo maana wahusika huulizana mwaka wa kuzaliwa mapema hivyo. Watazamaji wengi huliona swali hilo kama utovu wa adabu, kumbe wanatafuta waseme kwa mkia upi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye Squid Game ya 2021, ile drama ya sehemu 9 yenye michezo ya kufa na kupona. Ali, mhamiaji kutoka Pakistan, anamwita mchezaji mwenzake Sang-woo, Mkorea, "sajangnim", yaani bosi, kwa sababu amezoea kufanya kazi chini ya watu. Baadaye Sang-woo anamwambia aache hilo, amwite "hyung". Hyung ni kaka mkubwa, na hutamkwa na mwanamume kwa mwanamume. Ali anakubali, na kuanzia hapo anamwamini kama ndugu. Katika sehemu ya sita, kwenye mchezo wa gololi, anaendelea kuliita neno hilo wakati Sang-woo ameshamwacha. Mtazamaji aliyesikia bosi akigeuka kaka anajua kilichovunjwa pale. Asiyesikia anaona mtu ametapeliwa gololi zake. Kwa Kiswahili lingetosha neno "kaka", na Kisumu lingetosha "omera".

Kazi hiyo hiyo inafundisha jambo la vitendo. Kwenye Netflix, Kiingereza cha manukuu mara nyingi huwa cha aina mbili, kimoja kina alama ya CC na kingine hakina. Hicho cha CC hutengenezwa kwa ajili ya wasiosikia, na mara nyingi hufuata sauti za Kiingereza zilizorekodiwa juu ya drama, sio Kikorea chenyewe. Watazamaji wanaojua Kikorea walilalamika mwaka ule kwamba neno "oppa", ambalo msichana humwitia kaka yake au mpenzi wake, lilitokea humo likiwa na maana ya mzee. Kwa hiyo fungua menyu ya sauti na manukuu, weka sauti ya Kikorea, chagua Kiingereza kisicho na CC. Ni mibofyo michache tu, na unapata drama iliyo karibu zaidi na ile iliyoandikwa.

Anime nayo ina yake. Mjapani ana njia nyingi za kusema "mimi". Watashi ni la adabu, boku ni la kijana mpole, ore ni la mwanamume anayejiona. Mhusika akihama kutoka boku kwenda ore, mwandishi amekuambia kijana amebadilika. Kisha mwisho wa kazi watu huambiana "otsukaresama". Kiingereza humwaga hapo sifa kwamba umefanya kazi nzuri, ilhali hakuna aliyesifiwa. Wanapeana pole na kazi, basi.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Kijapani na Kikorea huacha mtenda nje ya sentensi, na kitenzi hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa hadithi ya upelelezi anaitumia nafasi hiyo kumficha muuaji. Mfasiri wa Kiingereza amebanwa: sentensi yake inadai mtenda, na viwakilishi vyake vya mtu mmoja vimegawanywa kwa jinsia. Akichagua cha kiume, ameshawatoa wanawake wote kwenye orodha ya washukiwa, au amekudanganya. Kiswahili hakina shida hiyo. "Alimuua, akaufunga mlango, akaondoka." Hapo hujui muuaji ni nani wala aliyeuawa ni nani, na mwandishi alitaka usijue. Kiluo nacho ni hivyo, "en" ni yeye, awe nani.

Kuhusu DJ wa muvi, wale wanaozungumza juu ya filamu kwa Kiswahili na Sheng kwenye vibanda vya video, sikubaliani na wanaowadharau. DJ Afro amewafanya watu wasiosoma Kiingereza cha skrini wafuate filamu za mapigano toka mwanzo hadi mwisho, na anampa kila mhusika jina linalokaa kichwani. Mipaka yake ni ukimya. DJ hawezi kunyamaza sekunde kumi na tano, na drama ya taratibu hujengwa kwa sekunde hizo. Mpe risasi na mateke, usimpe drama ya msiba.

Na sauti ya Kiswahili inawezekana kabisa. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilirusha tamthilia ya Kichina ya mke na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Kurekodi sauti kunataka studio na waigizaji, na fedha zake si ndogo. Manukuu yanataka kompyuta moja na uvumilivu. Wanaopiga filamu fupi za Kiluo na Kiluhya waanze nayo kwenye kazi zao wenyewe, maana YouTube inapokea faili ya manukuu kutoka kwa mwenye video, na Mkamba au Mtanzania ataitazama kazi hiyo siku hiyo hiyo.

Programu ya kuandikia manukuu, Subtitle Edit au Aegisub, ni ya bure. Faili ya srt, yaani faili ya manukuu, ni maandishi matupu: namba, chini yake muda wa kuingia na kutoka, chini yake maneno, kisha mstari mtupu. Muda huandikwa hivi: 00:01:12,500 --> 00:01:15,000. Ni mkato kabla ya zile tarakimu tatu. Ukiweka nukta, baadhi ya runinga hazionyeshi kitu. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi kama 42 pamoja na nafasi. Msomaji wa kawaida humudu herufi kama 17 kwa sekunde, kwa hiyo mistari miwili iliyojaa inahitaji sekunde tano. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko wengi wanavyodhani. "Hatutamwambia" ni neno moja la herufi 13. Kiingereza kinahitaji maneno matano. Usikate mstari baada ya "wa", "ya" au "na", jicho hujikwaa.

Yanayoharibika hayakosi. Neno "ng'ombe" likitokea kama "ngâ€™ombe", umetumia alama ya ng' iliyopinda na runinga inasoma faili kwa mfumo mwingine wa herufi. Tumia ile iliyonyooka na uhifadhi faili kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Manukuu yakiwa nyuma au mbele kwa kiasi kile kile toka mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza H kuyachelewesha na G kuyawahisha. Ila yakianza sawa kisha yakaachana na sauti polepole, H na G hazitakusaidia. Mara nyingi faili ilitengenezwa kwa video ya picha 25 kwa sekunde na yako ina 23.976, na tofauti hiyo ni karibu sekunde mbili na nusu katika kila dakika. Badilisha kasi ya picha ndani ya Subtitle Edit. Kwa kutazama kutoka kwenye flashi, jina la faili ya manukuu lifanane kabisa na la video, na zikae folda moja.

Tafsiri ya mashine itakuponza kwenye ukoo kuliko popote, kwa kuwa nyingi hupitia Kiingereza kwanza. Gomo huingia humo akiwa shangazi, imo naye hutoka shangazi, na mama mdogo amepotea. Pitia kila jina la ukoo kwa mkono, na uandike karatasi ya nani ni nani kabla ya kugusa sentensi ya kwanza.

Gumu lililobaki ni ule mkia wa "-yo", kwa sababu Kiswahili chetu cha magharibi humwambia kila mtu "wewe". Naona jibu liko kwenye kitenzi. Heshima ibebwe na "naomba" pamoja na jina la undugu, mazoea yabebwe na amri tupu. Sehemu ya kwanza hadi ya saba kijana aseme, "Naomba uketi hapa, dada." Sehemu ya nane, mvua inanyesha, wote wawili wako chini ya kibanda cha basi, mkia umedondoka, na chini ya skrini kuna neno moja: "Keti."