Video kwenye kozi ya mtandaoni: zinamfaa nani, na kwa bando la nani?

Kozi yangu ya ushonaji ilianza na masomo 20, yote ya maandishi na picha. Kila aliyetaka kujiunga aliuliza kwanza, "Mwalimu, kuna video?" Nikijibu hakuna, kwa wengine ndiyo ulikuwa mwisho wa mazungumzo.

Walikuwa na hoja. Somo la kutia zipu isiyoonekana kwa nje nililiandika kwa aya tano na picha nane, na bado watu walikwama palepale. Meno ya zipu hulazwa kwa kidole gumba kabla sindano haijafika, na picha haisemi kidole kikandamize kiasi gani, wala kitambaa kiachiwe lini. Ana kwa ana ni dakika tatu, mwanafunzi anasema "aah, kumbe!" na yamekwisha. Halafu kuna utapeli. Watu wamelizwa sana mtandaoni, wanaogopa kutuma hela kwa mtu wasiyemjua. Kumwona fundi kwenye cherehani yake, akiongea, kunawatoa hofu kuliko tangazo lolote.

Ila tupige hesabu. Video inayokwenda kwa megabiti 2 kwa sekunde, dakika 10 tu zinakula MB 150. Masomo 20 ya urefu huo ni GB 3, na hapo mwanafunzi hajarudia hata moja. Maelezo yaleyale kwa sauti tupu, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hayafiki MB 5. Mwenye waifai ya ofisini hatalisikia hilo. Anayejiunga bando la siku ataliona somo la kwanza tu, halafu atasubiri mwenzake amrushie kwa WhatsApp, na kozi itaanza kuzunguka bure kwenye magrupu. (Maandishi nayo yanaibwa, tusidanganyane.)

Kinachonitisha zaidi ni kusahihisha. Julai 2023, kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mfanyabiashara wa Tanzania Bara kusajiliwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kilipanda kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Katika somo langu la kupanga bei nilibadilisha tarakimu moja nikaendelea na kazi. Ingekuwa video, ningerekodi upya, jogoo wa jirani akinisaidia kusimulia, au ningeiacha iendelee kufundisha uongo. Tena mwanafunzi akitaka kukumbuka tarakimu hiyo, kwenye maandishi anaiona mara moja. Kwenye video anavuta mbele, anarudisha nyuma, MB zinateketea.

Watetezi wa video hupenda kutaja utafiti wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014, uliopitia mara milioni 6.9 ambazo video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, zilitazamwa. Mimi nauona unakata kuwili. Ulionyesha kwamba hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati ambao watu waliitazama haukuzidi dakika 6. Ulionyesha pia kwamba mwalimu aliyerekodiwa mezani kwake anaweza kuwashika watu kuliko studio ya gharama, jambo la faraja kwetu wenye simu, stendi na mwanga wa dirishani. Lakini walichopima ni kutazama, na kama mtu alijaribu maswali ya baada ya video. Kutazama zipu ikishonwa na kuishona ni mambo mawili, na kila fundi amewahi kupata mwanafunzi anayetikisa kichwa "nimeelewa" kisha anashona zipu kichwa chini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kila somo liwe na video, wala na wenzangu wanaosema notisi zinatosha. Palipo na mkono unaotembea, video iwepo, fupi, na picha zibaki chini yake kwa asiye na bando. Palipo na tarakimu, majedwali na kanuni, video ni kumlipisha mwanafunzi MB ili anisikilize nikisoma.

Kwangu yametoka masomo sita ya kuwekewa video kati ya 20. La zipu nimelirekodi kwa dakika nne, simu ikiwa juu ya bega langu, kwa sababu mwanafunzi anahitaji kuona mikono kama anavyoiona yake. Kila hatua inapoisha nimeacha sekunde chache za kimya. Mtu aliyeshika kitambaa kwa mikono miwili husimamisha video kwa kiwiko, na kiwiko hakina haraka. Somo la kupanga bei nimeliacha lilivyo: kurasa mbili na jedwali.