Redio ya Mzee Imenivua Nguo Mbele ya Jumuiya

Wadau, kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya Mangi kwenye magrupu ya WhatsApp, nisikilizeni mimi mwenye msiba. Mangi alifika mwishoni, hakuona kitu. Na si kweli kwamba nilimbeba mama mkwe.

Mnaofika kwangu Pasua, Moshi, mnaijua redio ya marehemu mzee, ile ya miaka ya 70, redio na amplifaya humo humo, ubavu wa mbao. Ilikuwa imenyamaza. Taa inawaka, spika kimya. Mama watoto anataka iende kwa watu wa skrepa tununue sabufa ya bluetooth. Fundi wa Mbuyuni akaja, akaniambia niinyanyue upande mmoja. "Sikia uzito huo, bosi. Hiyo ni transfoma, shaba tupu. Humu transista nabadilisha moja moja. Sabufa za siku hizi ni aisii moja tu, kichipu kimoja kinachobeba kila kitu, ikiungua umebaki na boksi." Nikaanza kushawishika, mpaka aliponitajia bei ya kapasita mbili kubwa za pawa na ufundi wake: nusu ya sabufa mpya! Nikasema nitafikiria. Yeye akafungulia sauti mpaka mwisho kwenye FM, hata mkoromo hakuna. "Iache iwake ipate moto, napita jioni."

Jioni hakupita. Iliyopita ni jumuiya, zamu ilikuwa kwetu.

Sebule ikajaa. Mama mkwe kashuka toka Kibosho, kakalishwa kwenye kochi kubwa, na nyuma ya hilo kochi ndiko iliko ekstensheni. Shikeni hapo hapo pa ekstensheni.

Rozari ikaenda vizuri, tukaingia litania. Mwenyekiti anatoa, sisi tunaitikia kwa ule mdundo wa nusu usingizi. "Nyumba ya dhahabu." Utuombee. "Sanduku la Agano." Utuombee. Bibi mmoja akasogeza kigoda ampishe mtoto, mguu wa kigoda ukavuta waya wa spika. Nikasikia ndani ya redio: tak.

Wenye mashine hizi mnaijua hiyo tak. Ni relei ya ulinzi: ikihisi hitilafu inazikatia spika, ikiridhika inaachia. Mwili ukanisisimka. Mwenyekiti akavuta pumzi, akafungua mdomo...

"JE, BABA, UNACHOKA MAPEMA?"

Na yule bibi, macho kafumba, kwa imani yake yote: "Utuombee!"

Aisee. Vikombe vinacheza kabatini. Nikaruka kwenye kitufe cha sauti, nikazungusha, kikanibaki mkononi, skrubu yake ilishaanguka zamani. "MKEO ANALALAMIKA?" Jumuiya nzima ikageuka kumtazama mama watoto. Swichi ya kuwashia ilikufa enzi za mzee, tunazimia kwenye ekstensheni. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, kitufe mkononi, "shikamoo mama, samahani mama, naomba uinue miguu," nikazamisha mkono chini ya kochi. Mama mkwe anajibu marahaba huku anavuta kanga. Napapasa, nashika kandambili. Napapasa tena, nashika kifundo cha mguu. Si changu. (Mangi, hapa ndipo ulipopatia ile habari yako ya kubeba.) Umeme wetu huu unaokatika mtu akiwasha pasi, siku hiyo uligoma kukatika. Redio ikasoma namba ya simu ya daktari, ikairudia polepole, kwa wenye kuandika. Ndipo nikaupata waya, nikang'oa.

Litania ilimaliziwa kwa haraka na chai haikunywewa.

Fundi alikuja kesho yake. Huko nyuma uzi mmoja wa waya wa spika ulikuwa umechomoka kwenye kiungio chekundu ukagusa cheusi, relei ikawa inajilinda. Akaukata, akausokota, basi. Nikamuuliza zile kapasita za nusu sabufa, akasema zinaweza kusubiri. Redio inaimba vizuri mno, siiuzi, na mama watoto bado hataki kukaa nayo chumba kimoja.

Halafu jana usiku mwenyekiti kanipigia, sauti ya chini: "Kijana, ile namba waliyoisoma, hukuinasa? Si yangu, ni jirani yangu anaihitaji."