Jiwe Alilolipa Muuaji

Kila asubuhi nikienda kituoni, hapa kijijini katika eneo la Franken, kaskazini ya jimbo la Bayern, Ujerumani, napita msalaba wa jiwe unaonifika kiunoni. Umeinama, umeota kuvu, hauna jina wala mwaka. Umechongwa picha ya kisu tu.

Jirani yangu aliniambia kalala Mswidi hapo, wa ile vita ya 1618 hadi 1648. Wajerumani wengi husimulia hivyo, na mara nyingi sivyo. Mawe ya namna hii huitwa Sühnekreuz, na mengi ni ya kabla ya vita hiyo. Zamani aliyeua mtu aliweza kupatana na ndugu wa marehemu: alipe fedha, agharimie misa na mishumaa, pengine aende kuhiji Roma au Aachen, na asimamishe msalaba, aghalabu kando ya njia. Aliyeuawa ghafla kafa bila kuungama, basi kila mpita njia amwombee. Mwaka 1532 sheria ya Kaisari Karl wa Tano ikaliweka kosa la kuua mikononi mwa mahakama, na desturi ikafifia.

Sisi watu wa Tanga dia tunaijua. Baba yangu mdogo, mwalimu, aligongwa na lori barabara ya Segera. Mwenye lori akaleta sanda, magunia mawili ya mchele na bahasha. Wazee wakapokea, yakaisha. Pale barabarani paliwekwa matawi ya mti. Siku ya tatu magari yalikuwa yameshayasaga. Natamani mzee mmoja angesema: na jiwe utachonga wewe, kwa fedha yako, hapa hapa.

Lakini nisiwapambe Wajerumani. Jiwe lao linalindwa na sheria kama mnara wa kale, na sijawahi kuona mtu akisimama. Baiskeli zinapita. Anayepaswa kuombewa hakuna amjuaye. Mimi Mwislamu ndiye ninayemnong'onezea neno, na sijui hata kama ananielewa.

Mwaka jana nilirudi nyumbani. Ndani ya basi, kona ile ile, konda akapiga ubavu wa gari: "Kwa Mwalimu wapo?" Kijana wa miaka ishirini hivi, Mwalimu hakumwona.

"Shusha!" akajibu mama mmoja, akateremka na ndoo yake.

Jiwe hakuna.