Hizo alama za vidole si "namba tu"

Juzi kuna fundi kaja kazini kwetu kubadilisha mashine ya mahudhurio, akahamisha alama za vidole za wafanyakazi wote kwa flashi, akaichomeka kwenye kompyuta ya mapokezi, kazi ilipoisha akaitia mfukoni. Nikamuuliza kaka, hiyo data huifuti? Akanijibu, dada usiwe na wasi, hizo ni namba tu.

Namba tu?! Imeniudhi mpaka leo. Ni kweli mashine nyingi hazitunzi picha ya kidole, zinatunza zile pointi ambapo mistari inakatika au kugawanyika, lakini tangu 2007 watafiti wameshaonyesha kwamba kwa pointi hizo hizo unaweza kutengeneza alama ikaidanganya mashine. Na paswedi ikiibiwa unabadilisha, kidole je? Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri wadukuzi wameondoka na alama za vidole za watu milioni 5.6, na watu wale wanatembea na vidole vilevile hadi leo.

Sasa fikiria hapa kwetu Tanzania. Tulipanga foleni kusajili laini kwa kidole, mwisho ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na laini ndiyo pesa zetu zilipo. Kidole kilichosajili laini ndicho hichohicho tunachobandika kila asubuhi kwenye kimashine cha mlangoni ambacho hata paswedi ya admini haijabadilishwa tangu kitoke kwenye boksi.

Sawa, mashine imekomesha watu kusainiana mahudhurio, hilo sibishi. Ila inawezekana kuifanya vizuri! iPhone zenye kisoma kidole, zilizoanza 2013, zinalinganisha kidole ndani ya simu yenyewe, kwenye sehemu yake maalumu, alama haitoki kwenda popote. Ofisi ikilazimika kutunza, basi data isimbwe, yaani ivurugwe isisomeke bila ufunguo wake wa siri, na ufunguo huo ukae mbali na hiyo data, sio kwenye kompyuta ileile ambayo kila mtu anachapishia barua.

Na sheria tunayo, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inahesabu alama hizi kuwa taarifa nyeti. Nimewaandikia HR waseme nakala ziko ngapi, nani anazo, na asiyetaka kuweka kidole apewe kadi. Halafu wafute za walioacha kazi, maana kuna watu wameondoka zamani na bado wamo kwenye mashine.